Matumizi ya ardhi na maji ya Mto Mara: dhana potofu na ukweli

Mto Mara huanzia Msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Masai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mijadala mingi kuhusu mafuriko na ukame wake hutegemea ramani za setilaiti na modeli za kompyuta. Makosa yanayoharibu kazi hizo yanajulikana, na mengi huanza na dhana zifuatazo.

Dhana: Setilaiti inaonyesha matumizi ya ardhi

Setilaiti huona kilichofunika ardhi: nyasi, miti, maji, udongo mtupu. Nani anaitumia na kwa namna gani, haioni. Wiki chache baada ya mvua, nyasi za hifadhini na za malisho yaliyochungwa kupita kiasi huweza kufanana kabisa pichani, ilhali udongo wa malisho hayo umeshindiliwa na kwato na haunywi maji kama ule wa hifadhini.

Modeli kama SWAT, programu inayokokotoa mtiririko wa maji katika bonde la mto, hulipatia kila tabaka la ramani (aina ya kifuniko, kama nyasi au msitu) namba iitwayo CN. Ikiwa kubwa, maji mengi zaidi hutiririka juu ya ardhi. Kwa udongo wa kundi C, unaopenyeza maji polepole, jedwali la kawaida huyapa malisho mazuri CN 74 na yaliyochakaa CN 86. Ikinyesha mvua ya mm 60 kwa siku, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, maji yanayotiririka ni mm 13.5 kwa malisho mazuri na karibu mm 29 kwa yaliyochakaa. Hiyo ni tofauti ya takriban lita 150,000 kwa hekta, na imeletwa na jina la tabaka tu. Usiache "nyasi" iwe tabaka moja. Ligawe kwa mipaka ya hifadhi, picha za mwisho wa kiangazi na ukaguzi wa ardhini.

Dhana: Usahihi wa asilimia 92 unatosha

Tuseme umekagua ramani kwa alama 500, yaani sehemu zilizolinganishwa na hali halisi ya ardhini. Alama 40 ni za chai, na 22 tu kati yake ni sahihi. Zilizobaki ni 460, na 438 ni sahihi. Jumla ni 460 kati ya 500, yaani asilimia 92, lakini chai imepata asilimia 55. Kwenye miteremko ya Mau chai huchanganywa kwa urahisi na msitu, kwa kuwa yote miwili hubaki kijani mwaka mzima, na hapo ndipo chimbuko la mto lilipo. Soma usahihi wa kila tabaka peke yake. Weka angalau alama 50 kwa kila tabaka, na usikague kwa mashamba yale yale uliyoifundishia programu inayochora ramani.

Dhana: Picha moja isiyo na mawingu inatosha

Shamba la mahindi lililolimwa karibuni huonekana kama udongo mtupu. Tumia picha za misimu kadhaa, na uongeze rada ya setilaiti ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu.

Dhana: Pikseli ndogo huipa modeli matokeo bora

Pikseli, yaani mraba mdogo kabisa wa picha, ni mita 10 kwa setilaiti ya Sentinel-2 na mita 30 kwa Landsat. Lakini SWAT huunganisha pikseli zenye matumizi, udongo na mteremko unaofanana ndani ya kila kijibonde, yaani sehemu ndogo ya bonde la mto. Ukiweka kizingiti (kiwango cha chini cha eneo) cha asilimia 10, tabaka lenye asilimia 8 ya kijibonde hufutwa na eneo lake kugawiwa matabaka mengine. Ukanda wa miti kandokando ya mto hupotea hivyo, pamoja na kazi yote ya kuuchora. Hata ukibaki, modeli hukumbuka ukubwa wake tu. Haijui kama miti iko ukingoni au juu ya kilima. Shusha kizingiti, au liondoe tabaka hilo kwenye kanuni ya kizingiti.

Dhana: Mchoro ukifuata vipimo vya mto, modeli ni sahihi

Kipimo cha Nash-Sutcliffe, kinachoonyesha jinsi mtiririko wa modeli unavyolingana na uliopimwa (1 ni ulinganifu kamili), kikizidi 0.5 kwa mtiririko wa kila mwezi, wengi huridhika. Lakini mvua iliyokadiriwa chini huweza kufidiwa kwa kupandisha CN, na mchoro ukapendeza huku sababu zikiwa za uongo. Nyangores na Amala ni mito miwili inayoungana kuwa Mara. Ukirekebisha modeli kwa kituo cha kupima mtiririko cha Mara Mines peke yake, kilicho chini ya makutano yao, mto Nyangores unaweza kutoa maji kupita kiasi na Amala pungufu, jumla ikaonekana sawa. Linganisha pia na vituo vya Bomet kwa Nyangores na Kapkimolwa kwa Amala. Angalia kama uvukizi na maji ya kiangazi vina mantiki kabla ya kusifu mchoro.

Kagua pia miaka. Vipimo vya mtiririko vya miaka ya 1970 vikioanishwa na ramani ya 2020, modeli hulazimishwa kueleza maji ya msitu ambao kwenye ramani tayari ni shamba. Vigezo vitakavyopatikana vitameza mabadiliko yale yale unayotaka kuyapima. Tafuta ramani ya kipindi hicho kutoka Landsat, ambayo picha zake zinaanzia 1972. Hizo za mwanzo zina pikseli kubwa zaidi, basi punguza idadi ya matabaka.