Heda za HTTP kwenye diski za mashine pepe: yanayosemwa na ukweli wake

Diski ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, si lazima ikae kwenye kompyuta inayoiendesha. Faili lake huweza kuwa kwenye seva ya mbali, na programu kama QEMU (inayoendesha mashine pepe) au nbdkit (inayohudumia diski kwa programu nyingine) ikalisoma kupitia HTTPS. Tatizo huanza pale seva inapodai kitu zaidi ya jina na nenosiri, kwa mfano tokeni (msimbo wa siri unaothibitisha kuwa umeruhusiwa) ndani ya heda ya `Authorization`; heda ni mstari wa maelezo unaoambatana na ombi la HTTP. Hapo watumiaji huomba uwezo wa kutuma heda zao wenyewe, na ombi hilo ni la haki kabisa. Lakini ukisikiliza linavyojadiliwa, utakutana na dhana kadhaa ambazo zikiachwa bila kusahihishwa huzaa programu yenye kasoro.

“Ni kumpa libcurl mstari mmoja tu.”

Kwa upande wa msimbo ni karibu kweli. QEMU na nbdkit zote mbili hutegemea libcurl, maktaba ya msimbo inayotuma maombi ya HTTP, na libcurl ina chaguo la `CURLOPT_HTTPHEADER` linalopokea orodha ya heda. Kinachosahaulika ni kwamba diski haipakuliwi mara moja ikaisha. Husomwa kipande kwa kipande: programu hutuma heda ya `Range` ikitaja baiti inazozitaka, seva hujibu kwa namba 206 na kipande hicho pekee. QEMU, isipoelekezwa vingine, husoma mbele kilobaiti 256. Diski ya gigabaiti 40 ikisomwa yote kwa vipande vya ukubwa huo, ni maombi zaidi ya 160,000, na kila moja linahitaji ile heda.

Sasa fikiria umri wa tokeni. Tokeni za kawaida za Google Cloud huisha baada ya saa 1. Mashine pepe iliyowashwa asubuhi bado inasoma diski yake mchana, na kuihamisha diski kubwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine huchukua saa nyingi. Tokeni ikiisha, seva hujibu 401, yaani hujathibitishwa. Mfumo endeshi ulio ndani ya mashine haujui lolote kuhusu HTTP. Unachoona ni diski iliyoshindwa kusomeka, na hushughulikia jambo hilo kama ubovu wa kifaa. Msimamizi naye huanza kutafuta kasoro kwenye mfumo wa faili, mahali ambapo haipo.

Ndiyo maana navutiwa na jinsi nbdkit ilivyolitatua. Mbali na kigezo cha `header` cha thamani isiyobadilika, plagini yake ya curl ina `header-script`: skripti inayotoa heda, pamoja na `header-script-renew`, idadi ya sekunde kabla ya skripti hiyo kuendeshwa tena. Programu inayopokea heda wakati wa kufungua diski tu, bila njia ya kuihuisha, imetatua nusu ya tatizo.

“Heda za nini? Anwani iliyotiwa saini inatosha.”

Anwani ya namna hiyo hubeba ruhusa ndani yake, na wakati mwingine inatosha. Lakini katika S3, hifadhi ya faili ya Amazon, saini ya toleo la 4 haiwezi kudumu zaidi ya siku 7, na hufungwa kwa aina moja ya ombi. Anwani iliyosainiwa kwa GET (ombi la kuchukua faili) ikiulizwa kwa HEAD (ombi la kupata maelezo ya faili tu) hujibiwa 403, yaani hairuhusiwi. Programu ya diski inahitaji kujua ukubwa wa faili kabla ya kitu kingine chochote, na njia ya kawaida ya kuuliza ni HEAD. Matokeo yake, anwani inayofunguka vizuri kwenye kivinjari hukataliwa na mashine pepe.

“Jina la heda ya kujibunia lazima lianze na X-.” Hapana. Waraka wa viwango vya intaneti, RFC 6648, ulishauri desturi hiyo iachwe tangu mwaka 2012.

“Tunatumia HTTPS, siri haiwezi kuvuja.”

HTTPS hulinda kinachopita njiani. Haina uwezo juu ya kinachobaki kwenye kompyuta yako. Tokeni ikiandikwa kwenye mstari wa amri, katika Linux ya kawaida mtumiaji yeyote wa kompyuta hiyo anaweza kuisoma kwa `ps`, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa.

Kuna mahali pengine ambapo wengi hawapakumbuki. QEMU haiandiki kupitia HTTP, husoma tu. Ukitaka mashine iweze kuandika, unaweka faili la qcow2 (muundo wa diski wa QEMU) juu ya diski ya mbali ili lipokee mabadiliko, na faili hilo huhifadhi ndani yake anwani ya diski iliyo chini. Kama siri imo kwenye anwani hiyo, inakaa humo moja kwa moja: amri ya `qemu-img info` huionyesha, na kila anayepewa nakala ya faili anapewa na siri. QEMU tayari ina njia bora kwa nenosiri na kuki, yaani `password-secret` na `cookie-secret`, ambapo chaguo hutaja jina la siri tu na siri yenyewe husomwa kutoka faili jingine. Kwa maoni yangu, heda zinastahili ulinzi huohuo tangu siku ya kwanza, kwa sababu heda ya `Authorization` ina uzito uleule wa nenosiri.

“Heda huenda kwa seva niliyoitaja pekee.”

Seva inaweza kukuelekeza kwingine, na rejista nyingi za kontena (seva zinazohifadhi vifurushi vya programu) hufanya hivyo: hukagua tokeni, kisha hukutuma kwenye hifadhi nyingine kuchukua data. Zamani libcurl ilikuwa ikipeleka heda zako zote huko. Tangu toleo la 7.58.0 la Januari 2018, heda ya `Authorization` haipelekwi kwa seva tofauti, na kuanzia 7.64.0 heda ya `Cookie` nayo ikazuiwa. Lakini heda uliyoibuni mwenyewe, tuseme `X-Api-Key`, haimo katika ulinzi huo. Libcurl haina namna ya kujua kuwa ni siri. Anayeongeza uwezo huu kwenye programu yake aeleze hilo wazi kwenye mwongozo na ampe mtumiaji njia ya kukataa kuelekezwa, kama nbdkit inavyofanya kwa `followlocation=false`.