Taa za usiku Goma: yanayoaminika na yaliyo kweli

Goma, mashariki mwa Kongo, iko kama nyuzi 1.7 tu kusini mwa ikweta. Jua huzama kwa saa ileile karibu mwaka mzima, saa 12 na dakika chache jioni, na nusu saa baadaye giza limekwisha kutanda. Wakati huo soko la Virunga bado lina wamama wanaomaliza nyanya, watoto wako njiani na bidoni za maji, na wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, ndiyo kwanza wanachangamka. Taa za barabarani zinawahusu watu hawa wote, ila mara nyingi zinachaguliwa kwa imani za zamani ambazo hakuna aliyezipima.

"Mwanga ukiwa mkali, wezi watakimbia"

Dhana hii ndiyo inayokula pesa kuliko zote. Jicho huona kwa kulinganisha. Ukipita chini ya taa kali mboni hujibana, na ukishatoka hatua kumi kuingia gizani unakuwa kama kipofu kwa muda. Kuzoea giza kabisa huchukua dakika 20 hadi 30. Aliyejibanza pembeni anakuona vizuri, wewe humwoni. Taa tupu isiyo na kifuniko, iliyofungwa mita mbili na nusu juu ya mlango wa duka, ni mbaya zaidi, maana inakupiga usoni na kuficha kila kilicho nyuma yake.

Tuseme kwa vipimo. Luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali; mwezi mpevu hutoa kama luksi 0.2. Kanuni ya Ulaya, EN 13201, inazipa njia za watembea kwa miguu wastani wa luksi 2 hadi 15 kulingana na matumizi. Avenyu ya ndani kule Majengo au Mabanga inatosheka na luksi 5 hadi 10, mradi mahali penye giza kuliko pote pasishuke chini ya 1. Luksi 8 zilizotandazwa sawasawa zinamfaa mpita njia kuliko 60 chini ya nguzo na sifuri katikati ya nguzo mbili.

Je, taa hupunguza uhalifu? Inategemea mahali. Jijini New York mwaka 2016 mitaa ya nyumba za umma ilipangiwa taa za muda kwa bahati nasibu, na makosa makubwa ya nje usiku yakapungua kwa kama 36%. Lakini utafiti wa 2015 katika halmashauri 62 za Uingereza na Wales, zilizokuwa zimezima au kupunguza taa zao, haukupata ushahidi wa maana kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. Anayekuuzia taa kwa ahadi kwamba wezi watakwisha anakuuzia asichonacho.

Kipimo kisichohitaji kifaa: mwambie mwenzako asimame mita 4 mbele yako, kwanza chini ya taa, kisha katikati ya taa mbili. Unayaona macho yake? Unaona alichoshika mkononi? Kisha mwache mzee wa miaka 60 aangalie badala yako, kwa sababu mwanga unaofika ndani ya jicho lake ni kama theluthi ya ule wa kijana wa miaka 20.

"Nguzo moja ndefu itamulika kartié (mtaa) nzima"

Ukiongeza urefu mara mbili, mwanga unaofika chini ya taa hubaki robo. Kwa hiyo mlingoti mrefu unadai taa yenye nguvu kubwa mno, na bado kila ukuta wa parseli (kiwanja) unatupa kivuli kirefu kwenye njia iliyo upande wa pili. Afrika Kusini wanaijua vizuri milingoti ya mita 30 na zaidi, iliyosimikwa kwenye vitongoji vya Waafrika enzi za ubaguzi wa rangi. Ililenga kurahisisha ulinzi wa polisi, na anayetoka usiku kwenda chooni kati ya vibanda hakuwa kwenye hesabu. Huko Khayelitsha, Cape Town, watafiti wamejaribu kinyume chake: taa ndogo za sola kwenye kuta za nyumba zenyewe.

Kwa avenyu ya upana wa mita 5 au 6, tumia nguzo za mita 4 hadi 5, na umbali wa kutoka nguzo hadi nguzo uwe kama mara tatu na nusu ya urefu, yaani mita 14 hadi 17. Kichwa cha taa kilale sawa na ardhi. Mafundi wengi hukiinua juu "ili mwanga ufike mbali". Unakofika ni kwenye macho ya mwendesha pikipiki. Pale chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, iliyojaa magunia ya makaa inapoziba karibu njia nzima, usiweke nguzo kabisa, funga taa ukutani kwa urefu wa mita 3.5.

Na kusimika nguzo Goma ni somo lake. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 iliyopita katikati ya mji haichimbiki kama udongo, na fundi anayechoka akiwa sentimita 30 ndiye anayetuachia nguzo zinazoinama. Afadhali kutoboa jiwe lenyewe, kuzamisha fito nne za chuma za milimita 16 angalau sentimita 30 kwa saruji, kisha kufunga nguzo yenye kitako cha bati nene kwa nati. Kabla ya kutoboa, gonga na nyundo. Likilia kama lina utupu, chini kuna tundu la lava; sogea mita moja.

"Luksi ni luksi, ardhi haihusiki"

Inahusika sana, na hapa Goma kuliko miji mingi. Jiwe jeusi la lava hurudisha takribani sehemu moja ya kumi ya mwanga unaolifikia, pengine chini ya hapo. Ukuta uliopakwa chokaa hurudisha zaidi ya nusu. Taa ileile, njia mbili, na moja itaonekana giza. Kabla ya kununua taa ya pili, paka chokaa ukanda wa mita moja kwenye ukuta wa njia, na rangi nyeupe kwenye kingo za ngazi, mitaro na mawe yanayochomoza. Gharama ni ndogo na umeme hauhitajiki.

"Nyeupe ya 6500 ndiyo yenye nguvu"

Namba hiyo, 6500 K (kelvini), inaeleza rangi ya mwanga na haisemi lolote kuhusu wingi wake. Mwanga wenye buluu nyingi hutawanyika zaidi machoni, huchosha, na huvuta wadudu. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, usiku anajua wanakoangukia. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi 3000 K. Kwa njia za makazi, 2700 hadi 3000 K inatosha.

Sokoni kuna namba nyingine ya kuuliza, CRI, inayoonyesha rangi zinavyoonekana kwa uhalisi hadi kikomo cha 100. Taa za sodiamu za rangi ya chungwa hubaki kwenye 20 na kitu, na chini yake nyanya mbivu na mbichi zinafanana, noti nazo hivyohivyo. Tafuta 80 na kuendelea, na juu ya meza ya biashara upate luksi 50 hadi 100.

"Imeandikwa 300 W, basi ni 300 W"

Taa ya sola ikidai W 300 (wati), pima paneli yake kwa futi kamba. Paneli nzuri hutoa kama W 200 kwa mita moja ya mraba. Ya sentimita 40 kwa 35 haivuki W 28. Tukihesabu masaa 4 ya jua kamili kwa siku za mawingu na upotevu wa 30%, inakusanya kama Wh 78 (wati-saa). Gawa kwa masaa 12 ya usiku: W 6.5. Hiyo ndiyo taa uliyonunua.

Hesabu ya uaminifu kwa avenyu tuliyoitaja huanza na taa ya W 20 halisi, yenye lumeni (jumla ya mwanga inaotoa) kama 2,600, ambayo inatosha kwa luksi 8 hivi. Ikiwaka kwa nguvu zote masaa 12 hula Wh 240, hivyo inataka paneli ya W 90 na betri ya lithiamu ya V 12.8 yenye Ah 47 (ampea-saa) ili kuvuka siku mbili bila jua na bila kuimaliza kabisa. Ukiipanga iwake kamili hadi saa 4 usiku, ishuke hadi 40%, halafu ipande tena saa 10 na nusu alfajiri kwa ajili ya wauza mikate na wanaowahi soko, inakula Wh 162: paneli ya W 60, betri ya Ah 32. Wengi husahau sehemu ya alfajiri.

"Tuanze na barabara kubwa"

Barabara kubwa tayari ina taa za magari na maduka. Anayeteseka ni anayetoka robine (bomba la maji) ya kartié, anayekwenda choo cha pamoja, na muuzaji anayevuka njia ya nyuma na pesa za siku nzima. Kabla ya kuchora chochote, tembea na shefu wa avenyu, wamama watatu au wanne, motari mmoja na sentineli (mlinzi) mmoja, mara mbili: saa 1 jioni na saa 3 usiku. Usiwaulize kama wanataka taa; kila mtu atasema ndiyo. Uliza wanapita wapi, wanakwepa wapi, na kwa nini. Kisha funga taa za majaribio kwenye miti kwa siku tatu na uone ni nani anakaa hapo. Taa huvuta meza za biashara, wanafunzi wenye daftari, na pia pombe na kelele.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na mwanga hupenya kati ya mbao hadi kitandani. Taa isiyo na ngao nyuma itapigwa jiwe na mwenye nyumba mwenyewe, na ana haki yake.

"Sola haihitaji matunzo"

Vumbi la kiangazi na majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira hulala kwenye paneli. Kwa kuwa jua la hapa hupita karibu utosini, upande paneli inakoelekea si hoja kubwa, lakini ilaze kwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Kiangazi ifutwe kila wiki mbili kwa maji na kitambaa laini, bila kusugua, maana majivu hukwaruza kioo. Ngazi na ufunguo wa kisanduku cha betri vikae kwa mtu anayelala kwenye avenyu hiyohiyo, na jina lake lijulikane.