"Kama mnavyoona hapa"

Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti waeleze sayansi yao kwa watu wa kawaida. Napitia slaidi zao, nahariri makala zao, nakaa siti za nyuma nawasikiliza wakijaribu mada kabla ya siku yenyewe. Na sentensi ninayoisikia kuliko zote ni "kama mnavyoona hapa". Na mimi nilikuwa naisema sana tu. Mpaka siku moja namalizia mada yangu, nikaonyesha grafu nikasema "kama mnavyoona hapa, mstari unajieleza wenyewe", mtu mmoja asiyeona aliyekuwa amekaa mbele akauliza kwa upole kabisa: "Samahani mwalimu, unajieleza unasemaje?"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka, ila nilipofungua mdomo kumjibu ndo nikagundua sina jibu. Nilijua unapanda, basi. Unapanda kutoka ngapi mpaka ngapi, kwa muda gani, kuna mahali umetulia au hapana, sijui, na grafu nimeichora mimi mwenyewe kwa mikono yangu!

Tangu siku ile msimamo wangu ni huu: ukishindwa kumweleza picha mtu asiyeiona, ujue na wewe hujaielewa, na wale wanaoona wanaitikia kwa kichwa tu ili mambo yaende. Kwa hiyo mtu akiniambia eti kufanya sayansi imfikie kila mtu ni huruma, au ni mapambo ya kuongeza mwishoni muda ukibaki, huwa namkatalia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya 6, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Hao sio kundi dogo la pembeni. Lakini hata wangekuwa wachache, bado zoezi lenyewe lingekusaidia wewe.

Tuchukue mfano. Kuna ile grafu maarufu ya hewa ya ukaa inayopimwa juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii tangu 1958. Nikimwambia mtafiti aandike maandishi mbadala, yale maneno yanayofichwa nyuma ya picha ili programu ya kusoma skrini iyatamke, mara nyingi naletewa "grafu ya hewa ya ukaa". Ni sawa na mtu akuulize umepika nini umjibu "chakula". Jaribu hivi: "Grafu ya mstari ya kiwango cha hewa ya ukaa angani, kuanzia 1958. Inaanza kwenye sehemu kama 315 kwa milioni na sasa imeshapita 420. Mstari una meno kama msumeno, kila mwaka unafika kileleni mwezi wa 5 halafu unashuka mpaka kwenye mwezi wa 9, ila kila jino liko juu kuliko lililopita, na miaka ya karibuni mpando umekuwa mkali zaidi."

Unaona, hapo hapo umelazimika kuyataja yale meno, na ukishayataja lazima mtu aulize yanatoka wapi. Yanatoka kwenye mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia, ambako ndiko kuna nchi kavu kubwa zaidi, majani yakichipua yanavuta ile hewa, yakipukutika na kuoza inarudi angani. Yaani grafu inaonyesha dunia inavyopumua! Nimeshawahi kukaa na watu wenye macho yao mazima wakaiangalia grafu hiyo kwa muda mrefu wasiyaone hayo meno kabisa.

Rangi nazo zina mambo yake. Kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, karibu mwanaume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri rangi fulani, hasa nyekundu na kijani, kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200, na sehemu nyingine za dunia kwa kawaida ni pungufu kidogo. Halafu mtu anachora ramani, salama ni kijani, hatari ni nyekundu, ametulia kabisa. Ile mipangilio ya rangi za upinde wa mvua ni mbaya hata kwa anayeona vizuri, maana ile njano inang'aa mno, inakufanya uone kama kuna mpaka mahali ambapo kwenye data hamna mpaka wowote. MATLAB, programu ya hesabu na kuchora grafu, waliiacha kama chaguo la kawaida 2014, na Matplotlib, programu nyingine ya kuchora grafu, wakahamia mpangilio wa rangi uitwao viridis 2017, unaotoka giza kwenda mwanga kidogo kidogo. Mi huwa naprinti grafu kwa wino mweusi tu, kikipotea kitu kwenye karatasi, rangi zibadilishwe.

Sauti ndo sehemu ninayoipenda, ila pia ndo inayonikera. Wanda Díaz-Merced ni mwanasayansi wa anga kutoka Puerto Rico, alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado anasoma, akaamua kugeuza namba kuwa sauti ili aendelee kuchambua data zake kwa masikio. Hiyo ni kazi ya utafiti, kweli kweli. Mwaka 2022 NASA nao wakatoa sauti ya mawimbi ya shinikizo kwenye gesi ya kundi la galaksi la Perseus, wakaipandisha oktavu 57 na 58 (kila oktavu moja inaongeza kasi ya mtetemo mara mbili) ili sikio la binadamu liweze kuisikia, na watu waliisambaza mno. Nzuri. Tatizo ni wanaoiga, wanamwagia data kinanda na fidla, ukimaliza kusikiliza umeburudika ila hujui ni kipi kimeongezeka na kipi kimepungua. Kabla ya kubonyeza pleyi niambie sauti nyembamba maana yake nini!

Na tusiwafanye wasioona ni wasikilizaji tu siku zote. Geerat Vermeij, mwanabiolojia, hajaona tangu akiwa na miaka 3, amejenga jina lake kwa kupapasa makombe ya konokono wa baharini, vidole vyake vinagundua makovu ya mahali kaa alipovunja kombe na konokono akaliziba, na kutoka hapo ameandika historia ndefu ya vita kati ya anayewinda na anayewindwa.

Kwa viziwi nitasema kwa kifupi. Maandishi ya video yanayojitengeneza yenyewe huwa yanakosea palepale kwenye neno la kitaalamu, ambalo ndo mada yenyewe, kwa hiyo yapitie. Na mkalimani wa lugha ya alama mpe orodha ya maneno yako siku kadhaa kabla, maneno mengi ya sayansi hayana alama inayojulikana na wote, anaishia kuyataja herufi kwa herufi huku wewe umeshafika slaidi ya 3 mbele.

Halafu kuna Kiswahili chetu chenyewe. Unasema "majibu ni chanya", msikilizaji anafurahi, chanya si ni kitu kizuri? Kumbe umemwambia ugonjwa upo. Unasema "nadharia ya mageuko" anasikia maneno matupu yasiyo na vitendo. Hapo hakuna kifaa cha kukuokoa, sema tu "vipimo vimeonyesha ana ugonjwa", sentensi imerefuka, sawa.

Siku hizi nina jaribio moja kabla ya mada yoyote. Nampigia mtu simu, sauti tu, namwelezea grafu yangu na yeye anaichora kwenye karatasi, halafu ananitumia picha. Juzi nilimwambia mtafiti mmoja afanye hivyo na dada yake, ambaye hana habari na sayansi. Mchoro ukarudi mstari unashuka, wakati kwenye slaidi unapanda. Akapiga tena, akaeleza upya, ukarudi unashuka tena. Mara ya tatu ndo akagundua mhimili wa wima aliuweka kichwa chini, sifuri iko juu, na hakuna hata mmoja kwenye timu yake aliyewahi kuliona hilo.