Kipokezi cha kiu hakipokei maji

Kipokezi ni protini, mara nyingi iliyopachikwa kwenye utando wa seli. Kemikali inayolingana nayo ikiishika, protini hiyo hubadilika umbo na kuanzisha kazi ndani ya seli. Maana ni hiyo tu. Linalosumbua ni jina.

Limetoka kwenye kupokea, na kwa masikio yetu anayepokea hupokea mgeni au mzigo. Ndiyo maana utasikia kwamba vipokezi vya ubongo hupokea maji, na vikijaa mnyama huacha kunywa. Hakuna kinachojaa. Damu ikipungua mwilini, figo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, nacho huanzisha utengenezaji wa anjiotensini ya pili. Homoni hii hukishika kipokezi cha AT1 katika sehemu chache za ubongo ambazo hazina kizuizi kikali kati yake na damu. Hukishika kwa upande wa nje. Kinachopita ndani ni ujumbe wa kiu. Losartani, dawa ya shinikizo la damu, nayo hukishika kipokezi hichohicho, ila hakiamki, na nafasi ya homoni imeshazibwa. Kushikwa ni jambo moja, kuamka ni jingine.

Halafu kuna osmoreseputa, jina alilolitumia mwanasayansi Verney mwaka 1947, ambalo wengi hulitafsiri "kipokezi" bila kusita. Sehemu ya "osmo" ni ya Kigiriki, yenye maana ya msukumo. Lakini hii si protini, ni seli nzima ya neva. Ukolezi wa chumvi kwenye damu ukipanda kwa asilimia 1 hadi 2 tu, maji huitoka seli hiyo, inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakoiamsha. Miaka ya 1950, Bengt Andersson wa Sweden aliingiza maji ya chumvi kali kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, ya mbuzi, nao wakanywa. Urea, kwa upande wake, huongeza ukolezi wa damu lakini huleta kiu hafifu, kwa kuwa huingia ndani ya seli na seli haisinyai sana. Kwa hiyo hata kusema kwamba kiu ni "damu kuwa nzito" si maelezo sahihi.

Kwa osmoreseputa ningependelea "seli hisi ya ukolezi", neno kipokezi libaki kwa protini. Na kuhusu kuacha kunywa: mbwa mwenye kiu humaliza ndani ya dakika chache, kabla maji mengi hayajafika kwenye damu. Anayemsimamisha kwanza ni mdomo, koo na tumbo, vinavyoupelekea ubongo habari mapema.