Jina la Kemikali Halitoshi: Taarifa za Nanomateriali Zinazopaswa Kufika kwa Mamlaka

Mwagizaji wa rangi, vanishi au viuatilifu anayepitishia mzigo wake Tunduma kuja Mbeya au Mafinga kwa kawaida hueleza jina la kemikali na uzito wake. Kwa nanomateriali, yaani vitu vyenye chembe za kati ya nanomita 1 na 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), maelezo hayo hayatoshi.

Chukua mchemraba wenye pande za sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6. Ukigawanywa kuwa vipande vyenye pande za nanomita 1, jumla ya eneo hilo hufikia mita za mraba 6,000, karibu sawa na kiwanja cha mpira, ilhali uzito haujaongezeka hata kidogo. Kinachogusana na maji, udongo au mapafu ya mfanyakazi kimeongezeka mara milioni 10. Ndiyo maana dioksidi ya titani inayoupa ukuta weupe, ikisagwa hadi kiwango cha nano, haionekani inapopakwa kwenye ngozi kuzuia jua, ingawa jina lake ni lilelile.

Ufaransa ililiona hili mapema. Tangu 2013, anayezalisha, kuingiza au kusambaza walau gramu 100 za dutu ya aina hiyo kwa mwaka hutakiwa kutoa taarifa kwa serikali. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Januari 1, 2020, unawataka wanaosajili kemikali waeleze ukubwa wa chembe, umbo lake na kilichopakwa juu yake.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeshughulika na kemikali hizo asajiliwe na Mkemia Mkuu wa Serikali, na viuatilifu vina mamlaka yake. Ninawasihi wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini wasisubiri kuulizwa: wamdai muuzaji wa nje vipimo vya chembe na waviambatishe kwenye maombi yao. Hoja ya muuzaji kwamba vipimo hivyo ni siri ya biashara ina uzito, lakini siri hiyo hulinda mchanganyiko wa bidhaa; haimzuii mkaguzi kujua kama fundi wa mbao wa Mafinga anavuta vumbi la nano anapopiga msasa. Poda kavu itajwe waziwazi, kwa kuwa hupeperuka na kuvutwa kwa urahisi kuliko chembe zilizokwisha kushikwa ndani ya rangi iliyokauka.