Dirisha Wazi Halimwokoi Mtu na Moshi wa Jenereta

Kila umeme unapopotea Mombasa kwa muda mrefu, kama ulivyopotea nchini kote usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karakana yangu hujaa jenereta ndogo za petroli zilizokuwa zimelala stoo kwa miezi. Wenyewe huja na malalamiko mbalimbali: hii haiwaki, ile huzimika ikipewa mzigo, nyingine inatoa moshi mweusi. Mimi, kabla sijashika spana, huuliza kwanza jenereta hiyo hukaa wapi inapofanya kazi, na miaka nenda miaka rudi jibu limekuwa lile lile: “Iko jikoni, fundi, lakini dirisha huwa nalifungua.” Mara ya mwisho nimelisikia kwa mama mwenye watoto wanne, naye alilisema kwa utulivu wa mtu aliyechukua tahadhari zote. Ndipo nikaona nisiishie kumweleza yeye peke yake.

Dirisha wazi halitoshi, na mlango wazi hautoshi. Petroli huhitaji hewa ya kutosha ili iungue yote ndani ya silinda. Ikikosa hewa hiyo, sehemu yake hutoka kwenye eksozi ikiwa gesi ya kaboni monoksaidi. Gari la kisasa lina kompyuta inayopima hewa na petroli, na lina kifaa kwenye eksozi kinachoigeuza gesi hiyo kabla haijatoka nje. Jenereta nyingi za kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, tunazonunua hazina kimojawapo, tena kabureta yake hutegwa ipeleke petroli kidogo zaidi ya kiasi cha hewa, ili injini iwake kwa urahisi na isipate joto kupita kiasi. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji imekuwa ikionya kwamba jenereta moja inaweza kutoa kaboni monoksaidi sawa na mamia ya magari. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekubali mamia ya magari yangurume jikoni kwake kwa sababu tu dirisha moja limefunguliwa.

Wengine huniambia kwamba hatari ikija wataisikia harufu. Harufu unayoisikia ni ya petroli isiyoungua na ya oili. Kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho. Wako pia wanaosema gesi hiyo hupanda juu, kwa hiyo aliyelala chini kwenye mkeka yuko salama, na wako wanaosema kinyume chake, kwamba hutambaa sakafuni. Uzito wake unakaribiana sana na uzito wa hewa, kwa hiyo hujichanganya na hewa ya chumba kizima, na aliye kitandani huivuta sawa na aliye mkekani. Linalonishangaza ni kwamba watu hawa hawa hawathubutu kulala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu wamesikia habari za waliokufa hivyo. Gesi inayoua kwenye jiko ni hiyo hiyo ya kwenye eksozi.

Kuhusu dirisha, mtu wa Pwani hapaswi kusahau upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, na nyumba zetu zimejengwa ili upepo huo uingie. Dirisha unalolifungua ili moshi utoke mara nyingi ndilo upepo unaloingilia, nao huusukuma moshi kutoka jikoni hadi vyumba vya kulala. Nimeona jenereta iliyowekwa barazani chini ya dirisha, mwenyewe akijisifu kwamba ameitoa nje, na kumbe kusi lote lilikuwa likiupeleka moshi ndani. Uani nako si nje. Ua wa nyumba ya Majengo au wa Mji wa Kale umezungukwa na kuta, na vyumba vyote vimeuelekea. Ni kama chumba kilichokosa dari. Nje ninayoisema mimi ni mahali pa wazi, umbali wa mita sita au zaidi kutoka kwenye nyumba, eksozi ikitazama upande upepo unakokwenda, na madirisha yaliyo karibu nayo yakiwa yamefungwa. Hapo nasisitiza: yamefungwa, hata la jirani. Kwa wenzetu wa vichochoro vya Mji wa Kale ambao hawana mita sita za kuwapa jirani, ushauri wangu ni mgumu lakini sitaupunguza: jenereta ya petroli si chombo chenu, na betri yenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, itawafaa zaidi.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Niliitwa kwenye kinyozi kimoja upande wa Kongowea kwa sababu jenereta “imekosa nguvu”. Nilipofika niliikuta kwenye ujia wa nyuma ya duka, ujia mwembamba wenye mlango ulioachwa wazi nusu, na ukutani mbele ya eksozi palikuwa na duara jeusi la masizi lenye upana wa sinia. Injini ilikuwa ikipumua moshi wake yenyewe; ilikosa nguvu kwa sababu ilikosa hewa safi. Kijana wa kazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kichwa mikononi, akiniambia kwamba kinamgonga tangu asubuhi, kwamba ametapika mara moja, na kwamba amekwisha kumeza dawa za maumivu akidhani ni malaria. Nilizima injini, nikamshika mkono nikamtoa barabarani, na nikamwambia mwenye duka ampeleke hospitali saa ile ile. Jibu la kwanza la mwenye duka lilikuwa: “Lakini mlango ulikuwa wazi, fundi.”

Kijana yule alipona. Lakini dalili zake ndizo zinazowadanganya wengi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa, mambo ambayo sisi huyaita malaria au njaa kabla hatujafikiri lingine. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei, na ikishakamata, hata mtu akipelekwa kwenye hewa safi, huchukua saa nne hadi sita kwa nusu yake tu kumtoka. Ndiyo sababu haitoshi kumpepea na kumpa maji; anahitaji oksijeni ya hospitali. Tena kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kwamba hana neno, kwa kuwa hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu. Basi mkifika hospitali, tajeni jenereta bila kungoja kuulizwa. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako hatarini zaidi ya wengine, na hao wasingojee hata kichwa kiume. Aliyelala usingizi mzito anaweza asipate dalili yoyote mpaka iwe hakuna wa kumwamsha.

Wapo wajanja wanaofunga bomba kwenye eksozi na kulitoa dirishani. Viungo vya bomba hilo huvuja, bomba lenyewe hupata moto wa kuweza kuchoma pazia, na injini haitoi moshi wake sawasawa, kwa hiyo valvu zinaungua. Anayetaka kutumia fedha asinunue bomba, anunue waya. Ekstensheni ya mita 20 yenye waya wa milimita mraba 2.5 hubeba mzigo wa jenereta ndogo bila taabu, almradi uukunjue wote. Waya uliobaki umeviringishwa hupata joto na kuyeyuka. Na atakayeniuliza kifaa kimoja cha kuongeza, nitamtajia king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri, kiwekwe chumba cha kulala. Hicho hakiipi jenereta ruhusa ya kurudi ndani.

Dhana nyingine potofu ninazozisikia karakanani nitazipitia kwa haraka, ingawa nazo zina madhara yake.

“Petroli haiwaki mpaka iguswe na moto.” Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo huteremka na kutambaa hadi kwenye eksozi, mshumaa au jiko la jirani. Tangi la jenereta nyingi liko juu ya injini yenyewe. Tone likimwagika, linaangukia kwenye chuma kilichotoka kufanya kazi. Zima, subiri dakika 15 na zaidi, ndipo ujaze, na usijaze mpaka mdomoni. Maneno “nilitaka tu kumalizia mechi” nimeyasikia kutoka kwa mtu aliyefungwa bandeji hadi kiwikoni.

“Nimeichanganyia oili kwenye petroli ili ipate nguvu.” Jenereta yenye kijiti cha kupimia oili chini ya injini ni ya mipigo minne na petroli yake ni tupu, ukiichanganyia oili unachafua plagi ya cheche na kujaza masizi kwenye valvu. Zile ndogo za mipigo miwili, ambazo hazina mahali pa kutia oili, ndizo zinazohitaji mchanganyiko, na hufa haraka zikiukosa. Kipimo kimeandikwa kwenye tangi au kwenye kijitabu chake: penye 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa ulifunge na uzi kwenye mtungi wa petroli. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na hakuna cha kukadiria kwa macho.

Kuhusu oili ya injini yenyewe, dhana ni kwamba kazi yako ni kuongeza tu inapopungua. Injini ya sentimita za ujazo 160 hadi 200 hubeba kama lita 0.6 tu, na aghalabu haina filta ya oili wala pampu. Kijiko kilicho chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti, ndicho kinachoirusha oili huku na huko. Vumbi la chuma linalosagika humo halina pa kwenda. Kwa injini mpya oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20, kisha kila baada ya saa 100 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Mtu anayeiwasha saa nane kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 13, ilhali wateja wangu huniapia kwamba walibadilisha “mwaka huu huu”. Fungeni daftari dogo na kalamu ya risasi kwenye fremu, muandike saa za kila siku. Na iwekeni jenereta mahali tambarare, kwa sababu ikiinama kijiko hicho huchota hewa.

“Taa ni hafifu, nimeikaza skrubu ya gavana.” Gavana ni kidhibiti cha mwendo wa injini. Jenereta hizi huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Ukiikaza skrubu hiyo bila mita, unapandisha volti zikaunguze friji na televisheni, na siku moja konrodi hukatika na kutoboa injini ubavuni. Taa hafifu mara nyingi ni mzigo uliozidi, au eakilina (chujio la hewa) iliyoziba. Na choki, kilango kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha, ikisahauliwa imefungwa, injini hunguruma kwa shida, hutoa moshi mweusi, na kaboni monoksaidi huongezeka sana.

Waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, wa kuingizia umeme wa jenereta kwenye soketi ya ukutani, sitengenezi kwa bei yoyote. Umeme huo hurudi hadi kwenye transfoma ya mtaa, ambayo huupandisha kutoka volti 240 hadi 11,000, na juu ya nguzo yupo mtu aliyeambiwa kwamba laini imezimwa. Fundi wa umeme mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi inayoitenga nyumba na laini ya mtaa unapotumia jenereta, au tumia ekstensheni.

Imebaki ile ya kwamba jenereta isiyotumika haiharibiki. Hapa kwetu huharibika upesi kuliko inayofanya kazi. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta miezi miwili au mitatu hugeuka utomvu unaoziba jeti, tundu dogo linalopitisha petroli, na hewa ya chumvi hula kila chuma kilicho wazi. Kabla ya kuiweka, funga koki ya petroli na uiache injini ifanye kazi mpaka izime yenyewe, kisha fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta umwage kilichobaki. Sponji ya eakilina ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ianike ikauke kabisa, itie oili kidogo na uikamue. Chomoa kofia ya plagi kabla hujapeleka mkono mahali popote panapozunguka. Mwisho, vuta kamba ya kuwashia polepole mpaka uhisi inakaza, uiache hapo hapo: valvu zote mbili zimefungwa, na hewa ya bahari haina njia ya kuingia kwenye silinda.