Elimu Wanayo

Mvua zikianza tu najua nitakachosikia: kipindupindu ni ugonjwa wa wachafu, wapewe elimu. Juzi kalisema tena mkubwa mmoja, kikao kizima kikatikisa vichwa. Mimi ni afisa afya wa mazingira hapa Dar, na wimbo huu umenichosha.

Muulize mama wa Vingunguti, mtaa wa walalahoi, ananawaje mikono. Atakupa somo zima, kisha akuonyeshe dumu moja lililobaki, la kupikia. Na hilo dumu, ukipiga hesabu kwa lita, ni ghali kuliko maji ya bomba ya mtu wa Masaki, kwa matajiri.

Choo je? Kiwanja ni kidogo, maji ya ardhini yako juu, shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kupita uchochoroni. Basi mvua kubwa ikishuka usiku watu wanatapisha: shimo linatobolewa ubavuni, mzigo wote unaachiwa maji ya mvua. Faini naweza kuandika. Nimwandikie nani, mpangaji, au mwenye nyumba ambaye haishi hapo?

Najua mtanitajia kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Kweli, redio na vikundi vya kusoma viliwafanya watu wachimbe vyoo kwa wingi. Ila kijijini pa kuchimba palikuwepo.

Dawa ya Vingunguti iko kwenye mafungu ya bajeti ya wenzetu: maji ni Dawasa, mamlaka ya maji; mitaro ni Tarura, wakala wa barabara; viwanja ni wizara ya Ardhi. Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi, lilishasema mwaka 1978 kwamba afya inazihusu sekta zote. Sisi tukaunda kamati: chai, posho, maazimio. Jamani, anayejenga mtaro analipa yeye, wagonjwa wakipungua sifa zinakuja kwetu Afya. Mhandisi anayepimwa kwa kilomita za lami ahangaike na kuhara kwa nini? Si roho mbaya. Mpaka idadi ya wagonjwa iingie kwenye tathmini yake, na fedha iwe kwenye kifungu chake, vikao vyetu ni soga.

Hata hapo sina raha kamili. Mtaa ukipata mtaro na njia nzuri, kodi za vyumba nazo hupanda. Mpangaji maskini anafunga virago, anashuka bondeni kwingine. Takwimu za kata zinapendeza, naye anaugulia kata ya jirani. Hilo nalo alishike nani? Afya hatuna sauti kwenye kodi, na nikiwauliza watu wa Ardhi wananijibu kwamba soko ndilo linaloamua.